Mama Mmoja wa Sombe

Kwa muda wa mwaka mmoja na kitu nilikuwa na mama saba. Baba nilikuwa nao wanne, shangazi sikumbuki wangapi, na kaka mmoja mwenye ndevu nyeupe ambaye angeweza kunizaa mara mbili. Wote walilala katika nyumba yangu ya Ruti, kando ya barabara ya kwenda Kabale, wakala bugali wangu, wakaenda zao. Mama aliyenizaa kwa uchungu alikuwa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, katika nyumba yake ya udongo, na huyo ndiye aliyekuwa haji.

Nieleze vizuri, maana najua inavyosikika.

Nilipotoka kambini kuja Mbarara nilikodi nyumba ya vyumba vinne kwa mzee mmoja aliyehamia Kampala. Chumba kimoja nililala mimi. Mume sina, mtoto Mungu hakunipa, na ndugu zangu walibaki kule Kivu ya Kusini chini ya udongo, kwa hiyo vyumba vitatu vilikaa vitupu. Siku moja akanijia mwanamke wa kambini kwetu aliyekuwa amempeleka mtoto hospitali. Daktari alimwambia arudi baada ya siku nne, na hakuwa na pa kulala. Nikampa chumba. Alipoondoka aliniachia kitu kidogo mkononi, nikakataa, akaning'ang'aniza, nikapokea. Wiki iliyofuata walikuja wawili, wametumwa na yeye. Biashara yangu ilianza hivyo. Sikuitafuta, ilinikuta nimekaa.

Walikuja wagonjwa na wauguzaji wao, wachuuzi wa vitenge, wanafunzi wenye mitihani, watu walioitwa mjini kwa mahojiano yasiyoisha ya kwenda nchi za mbali. Walilala siku mbili, tatu, wiki. Watu wa kambini hawapendi hoteli. Hoteli inakuuliza maswali kwa Kiingereza, inakupa sabuni ndogo kama jino, na asubuhi inakuletea mkate mtu aliyezoea uji wa muhogo. Kwangu walikuta mtu wa kuongea naye.

Nilikuwa sijui kwamba kuna sheria. Nani angewaza kwamba kuna sheria ya kumpa mtu kitanda? Mwenyekiti wa mtaa, ambaye Ruti nzima humwita chemani, ndiye aliyekuja kunifundisha. Ni Mnyankore mrefu, mstaafu wa jeshi, mpole, na Kiswahili chake alikipata jeshini kwa askari wenzake. Aliketi kwenye benchi langu akanieleza bila kufoka. Mtu anayelaza wageni kwa malipo, hata kwa siku moja, lazima awe na barua ya mtaa, akaguliwe na watu wa afya, apate leseni ya mji, na aweke daftari la wageni. Na mgeni anayetoka kambini lazima awe na karatasi ya ofisi ya kambi inayomruhusu kusafiri, yenye siku ya kutoka na siku ya kurudi.

"Lakini ndugu ni ndugu," akasema, akiniita nyabo, yaani bibi, kwa heshima ya kwao. "Nyabo, mama yako akikuja kukuona, sisi hatuulizi kitu. Hiyo siyo biashara. Hiyo ni mama."

Katika maneno yote aliyoyasema asubuhi ile, mimi nilisikia hayo tu.

Tangu siku hiyo, kila aliponikuta na mwanamke mzima uani akauliza ni nani, nilijibu: ni mama yangu. Na nitajitetea kidogo kabla sijajihukumu. Kwetu mama si mtu mmoja. Aliyekuzaa ni mama, dada zake ni mama, rafiki zake ni mama, jirani aliyewahi kukutuma maji ni mama. Mwanamke usiyemjua ukikutana naye njiani na mzigo kichwani unamwambia, mama, nikusaidie. Ningemwitaje mgeni wangu, bibi wewe? Kwa lugha yetu sikuwa nimedanganya hata kidogo. Shida ni kwamba nilijua vizuri chemani anasikia kwa lugha yake, na niliitegemea tofauti hiyo ipate kunilinda. Uongo wa namna hiyo ni mbaya kuliko ule wa kawaida, kwa sababu aliyeusema analala usingizi.

Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Mama wa tatu alikuwa mdogo kwangu kwa miaka sita. Mama wa nne alikuwa Mrundi wa kutoka milimani asiyejua Kiswahili, na chemani alipomsalimia, akajibu kwa Kirundi kirefu ambacho hata mimi sikukishika, huku nikitikisa kichwa kama mtoto mtiifu. Chemani akatuangalia, huyu na huyu.

"Banange," akasema. "Nyabo, wewe iko na mama ngapi?"

Nilimsimulia mama kwa simu. Alicheka hadi akakohoa.

"Na miye niko wa ngapi?" akauliza.

"Wewe ni wa kwanza."

"Na bale bamama bengine, banakutwangiaka sombe?"

Nikamwambia hapana, hao wanakula tu. Akafurahi sana. Sombe ndiyo ilikuwa lugha yake. Ni majani ya muhogo yaliyotwangwa, wengine huyaita kisamvu, lakini mama hakukubali kwamba kinachouzwa sokoni kimetwangwa na mashine ni sombe. Yeye alitwanga kwa mkono, na pilipili mbichi na kitunguu cha majani ndani ya kinu, mpaka iwe laini kama uji. Tulipokuwa na njaa mbaya kambini, mwaka ule mgao ulipopungua, alikuwa akitwanga mapema ili majirani wasikie mchi na wadhani kwetu kuna chakula.

Nilikuwa nikimwita aje Ruti, yeye akikataa. Alikuwa na sababu zake, shamba la maharage, mbuzi, kwaya ya kanisa. Sababu ya kweli aliniambia mara moja tu. Alisema nyumba yenye wageni wengi haina nafasi ya mtu wa nyumbani. Kwetu mgeni hupewa maji ya kunawa kwanza, hula kwanza, na haulizwi ataondoka lini. Mtoto wa nyumbani hula mwisho. Waswahili wa pwani husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama alipousikia msemo huo redioni alishangaa sana.

"Mugeni habamuulizaka siku ya kurudia," alinifundisha hivyo tangu nikiwa mdogo. "Ukimuuliza, umeshamufukuza."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia siku ambayo mama wawili walikuwa ndani kwa pamoja, mmoja mgonjwa wa macho, mwingine mchuuzi, na chemani akaja nikiwa nimekwenda sokoni. Aliwauliza, kila mmoja peke yake. Wote wawili waliniunga mkono kwa moyo wote, Mungu awabariki: ndiyo, huyu ni mwanangu, nimemzaa mwenyewe. Mmoja alinizalia Fizi, mwingine Uvira. Niliporudi na kikapu changu nilimkuta chemani amesimama mlangoni, kofia mkononi. Hakuwa anacheka.

"Mimi nilikuheshimu," akasema. "Wewe unanifanya mjinga mbele ya watu. Sasa sikiliza. Siku ingine ukiniambia mama yangu, mama yangu, mimi naita polisi na nyumba inafungwa. Nenda tafuta laisensi kama watu."

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona. Alikuwa na haki. Na mwenye nyumba naye, alipopata habari, alipiga simu kutoka Kampala akasema hataki matata na serikali: nilete leseni au nitoke. Kutoka maana yake kurudi kambini, kwenye kiwanja cha mama, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili na begi moja.

Basi nikawa mtu wa sheria. Na nikishika kitu sishiki nusu, hiyo ndiyo tabia yangu na ndiyo iliyoniua. Niliandika barua ya kuomba radhi kwa mtaa, chemani akaisoma mara mbili, akaniandikia yake. Nilichimbisha choo cha pili. Nilinunua vyandarua, nikapaka chokaa kuta, nikabandika ukutani karatasi ya kanuni za nyumba kwa Kiswahili na Kifaransa. Nilinunua daftari kubwa la jalada gumu, nikapiga mistari kwa rula: jina, atokako, karatasi yake ya safari, siku ya kuingia, siku ya kutoka. Safu hiyo ya mwisho ilinisumbua. Mkono ulikuwa mzito kuandika swali ambalo mama alinikataza kuliuliza, lakini niliandika. Karatasi zangu zote za maisha, tangu tulipovuka mpaka, zilikuwa zinasema nimetoka wapi. Hii moja ingesema niko wapi. Niliitaka kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamume.

Bado ukaguzi wa mwisho. Niliambiwa mkaguzi wa mji atafika siku yoyote wiki ile, pamoja na chemani, na wakikuta mtu wa kambini ndani bila karatasi, ombi langu linatupwa. Nikaufunga mlango. Wageni wote niliwaambia wasubiri. Jumatatu nilikaa peke yangu na vitanda vilivyotandikwa. Jumanne vilevile. Nilikuwa natembea uani nikipeperusha nzi.

Jumatano, kama saa nne asubuhi, mama akafika.

Sikuwa nimemwita. Alikuwa amesimama kwenye geti na beseni kichwani, limefunikwa kwa kitenge, miguu imejaa vumbi jekundu la njia ya Rwekubo. Alikuwa amepungua. Niliona hilo, kwamba amepungua, kwamba mifupa ya shingo imetokeza, nikaliweka pembeni kama mtu anavyoweka pembeni kazi ya baadaye. Na neno la kwanza lililotoka kinywani mwangu, kabla ya salamu, kabla sijamtua mzigo, lilikuwa hili:

"Mama, uko na karatasi?"

Akanitazama akitabasamu, kama aliyesikia vibaya.

"Karatasi ya kuona mutoto?"

"Ya kutoka ku kambi, mama. Bale ba mji banakuya leo ama kesho. Bakikukuta bila karatasi bananinyima leseni."

"Nilikulota mara mbili," akasema. "Ndiyo nimekuya. Nimekutwangia sombe."

Nilimtua beseni. Nikamkalisha kwenye kigoda kivulini, nikampa chai ya maziwa, akakishika kikombe kwa mikono miwili. Alikohoa, nikamuuliza, akasema ni vumbi. Nilikuwa nimesimama. Katika muda wote aliokaa nyumbani kwangu mimi sikuketi hata mara moja, nilikuwa na sikio langu getini. Nikafikiria kumficha chumbani, lakini vyumbani ndiko watakakokagua. Nikafikiria kumpeleka kwa jirani. Nilikuwa bado nafikiria waliposukuma geti.

Mkaguzi alikuwa binti wa watu, na faili kwapani, mwenye uso wa kusikiliza. Chemani alikuwa nyuma yake amevaa koti. Walinisalimia vizuri. Kisha chemani akamwona mama, nikaona uso wake ukikunjamana.

"Na huyu nani?"

Nimerudi mahali pale mara nyingi sana, na kila nikirudi nasema neno tofauti. Nasema ni mama yangu, bwana, na leo ni kweli, mtazame pua zetu. Nasema mfunge nyumba basi. Lakini siku ile nilipiga hesabu haraka. Karatasi ya kusafiri hana. Kitambulisho chake hakina jina langu, wala changu hakina lake, maana kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Na nilipohama kambini niliandikishwa peke yangu. Hakuna popote serikalini palipoandikwa kwamba mwanamke huyu amenizaa. Ushahidi pekee ulikuwa kinywa changu, na kinywa changu nilikuwa nimekwisha kukimaliza kwa wale saba.

"Huyu?" nikasema. "Ni mama mmoja tu. Anauzaga sombe. Ananiletea."

Mama mmoja. Yaani mwanamke fulani.

Sheria haikunilazimisha kusema vile. Iliniuliza tu ni nani. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaonifariji kwamba ni serikali, ni ukimbizi, ni dunia. Hapana. Chemani aliuliza kwa adabu, na mimi ndiye niliyejibu.

Mama hakuniangalia. Aliangalia beseni lake. Aliweka kikombe chini taratibu, akafunua kitenge, na harufu ya sombe mbichi na pilipili ikatoka.

"Ndiyo, baba," akamwambia chemani. "Mi niko nauzisha sombe."

Chemani akacheka kwa furaha kabisa, mzigo umemtoka. Akanigeukia akanigonga bega.

"Umeona? Leo hujasema mama yangu! Umejifunza. Leo unasema ukweli, nyabo. Hivyo ndiyo nataka."

Na mkaguzi, ambaye hakujua lolote la dunia yetu, akainama juu ya beseni akauliza hii inapikwaje. Mama akamweleza. Alimweleza kwa uvumilivu wote, mafuta ya mawese, chumvi mwishoni, usifunike sufuria. Yule binti akasema angependa kujaribu nyumbani. Mama akamfungia kwenye mfuko wa nailoni, akamjazia, akaongeza, mpaka ndani ya beseni ikabaki kidogo tu. Sombe yangu. Alikuwa ameitwanga alfajiri ile kwa kifua kile. Mkaguzi akampa pesa, naye akapokea, kwa sababu muuzaji hupokea.

Niliwapeleka ndani kuwaonyesha vyandarua.

Nilionyesha chumba cha kwanza, cha pili, choo, tangi la maji, karatasi ya kanuni. Mkaguzi aliandika polepole. Kupitia dirisha la chumba cha tatu nilimwona mama akisuuza kikombe alichonywea, akakigeuza kifudifudi juu ya jiwe, akajifunga kitenge upya. Kisha akaja hadi mlangoni, akasimama nje ya kizingiti kama wanavyosimama wauzaji.

"Haya, mama," akaniambia. "Siku ingine."

Mama, aliniita. Ndivyo muuzaji anavyomwita mteja wake. Nikamjibu haya. Hilo ndilo neno nililomjibu, haya, na wageni wangu wa serikali wakaendelea kuhesabu madirisha.

Walipoondoka nilikimbia barabarani pekupeku. Nilikwenda mpaka kituo cha magari ya Isingiro, yanayopita njia ya kambini, nikauliza mwanamke mwenye beseni, wakaniambia limeshaondoka gari. Niliporudi uani nikakuta juu ya kigoda ile pesa ya mkaguzi, imekunjwa, na kando yake sombe iliyobaki, ameiacha kwenye bakuli langu. Nilikaa chini nikalia. Kisha nikaipika, nikashindwa kuila.

Jioni nilimpigia. Alishika simu mara moja.

"Nimefika muzuri," akasema. "Bamekupa ile leseni?"

"Bado, mama. Bamesema Ijumaa."

"Asante Mungu. Batakupa. Yule mutoto wa faili iko na roho muzuri."

"Mama, ile nilisema leo..."

"Niliona," akasema. "Ulikuwa na woga mingi. Kula sombe mbele ioze."

Nikamwambia nitakuja Jumapili. Akasema Jumapili nitakuwa na wageni wangu. Nikamwapia kwamba nitakuja. Na mnajua jinsi alivyonijua? Ijumaa nilipewa leseni. Jumamosi vyumba vyote vitatu vilijaa, watu wenye karatasi safi, wa kwanza kuandikwa katika daftari langu, na mmoja wao mjamzito aliyekaribia siku zake. Jumapili sikwenda. Nikasema moyoni, Jumapili ijayo. Niliogopa, huo ndio ukweli. Kumdanganya chemani ilikuwa rahisi, lakini kukaa mbele ya mama nikamtazama machoni sikujua nitaanzia wapi. Nilizipokea kazi za wageni kama mtu anayepokea udhuru.

Alhamisi namba yake iliita kwenye simu yangu, nikashika, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya jirani yake, Mrundi mmoja mjane ambaye mama alilima naye tangu mwaka wetu wa kwanza kambini. Akaniuliza niko wapi, kama nimekaa. Sikuwa nimekaa. Nilikuwa na shuka mkononi la mgeni aliyetoka. Akaniambia mama alilala, na asubuhi ile hakuamka.

Safari yenyewe siikumbuki. Nakumbuka nilipofika ng'ombe wa watu wa Endiinzi walikuwa wanapita mbele ya nyumba yake na kulikuwa na wanawake wa kwaya wamekaa kwenye majani. Nilipoingia walisimama wote wakanipisha. Wakaniletea maji ya kunawa, wakanipa kiti pekee kilichokuwepo, na chakula kilipoiva wakanitengea mimi kwanza, peke yangu, kwenye sahani nzuri. Nikataka kupiga kelele. Sikupiga. Nilinawa kama nilivyoambiwa.

Tulimzika Ijumaa, mchana, kwenye makaburi ya kambi, na katekista akasoma jina lake akalikosea.

Baada ya mazishi yule mjane alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, mahali kinu kilipokuwa. Nilikuwa nimejiandaa kusemwa. Nilimwambia mwenyewe, kabla hajaanza, kwamba nilimfukuza mama. Nikamsimulia yote, beseni, chemani, mama mmoja. Alisikiliza hadi mwisho, akionekana kama mtu ambaye habari haziungani.

"Lakini yeye hakusema hivyo," akasema. "Alirudi ile Jumatano, nikamuuliza, mbona hujalala kwa mtoto? Akasema, mtoto wangu anaogopa sheria, na miye nilienda bila karatasi, ni kosa yangu. Nitarudi na karatasi."

"Karatasi gani?"

"Ya safari. Kesho yake akaamkia ku ofisi. Tulimwambia, we mama, una homa, acha. Alhamisi akapanga mstari, jua lote, hawakumfikia. Ijumaa pia. Jumatatu akaenda tena, wakamwandikia. Alirudi anafurahi! Alituonesha sisi wote. Akasema sasa nitaingia mu ile nyumba nikae siku zote, wanione, mtoto asiogope tena. Usiku wake kifua kikamshika. Nikasema nikupigie wewe, akakataa. Akasema usimsumbue, ana wageni. Nikipona nitaenda mwenyewe."

Akaingia ndani akatoka na Biblia ya mama, na ndani yake ile karatasi, imekunjwa mara moja tu ili muhuri usichubuke.

Mgeni mmoja akija kwangu leo na karatasi kama hiyo naijaza katika daftari kwa nusu dakika. Naijua kila mstari wake. Jina la msafiri. Namba ya kitambulisho. Aendako: Mbarara, Ruti. Mahali pa sababu ya safari, karani alikuwa ameandika kwa Kiingereza cha ofisi, kwa kalamu ya bluu, kwamba anakwenda kumwona binti yake wa kumzaa. Pamoja na jina langu, herufi zote sawasawa, nadhani alimtajia moja moja. Chini yake saini na muhuri.

Nilimsomea yule mjane kwa sauti, kwa sababu aliniomba. Ilikuwa ruhusa ya siku saba, kuanzia Jumanne. Siku ile tuliyomzika zilikuwa zimebaki tatu.